Nyumba ya mita 100 iliyojengewa michungwa

Unatafuta keja Nairobi. Umezunguka Roysambu, ukapanda Kahawa West, ukashuka hadi Rongai, na kila unapofika landilodi anakuonyesha chumba chenye dirisha la ukubwa wa gazeti, tena linatazama ukuta wa jirani. Saa sita mchana lazima uwashe stima. Kabla hujalipa dipositi, hebu nikuonyeshe mahali ambapo michungwa, naam, miti ya machungwa, ilijengewa nyumba yenye madirisha marefu 27, yote yakitazama upande wa jua.

Mahali penyewe panaitwa Margam, kusini mwa Wales, jirani na mji wa viwanda wa Port Talbot. Jengo linajulikana kama Orangery, yaani nyumba ya michungwa. Lina urefu wa futi 327, karibu mita 100 kamili, na upana wa futi 30, ambazo ni mita tisa hivi. Ferdinand Omanyala, ambaye alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mwaka wa 2021, angeanzia mbio zake ncha moja na kumalizia ncha ya pili. Hakuna nyumba ya michungwa iliyo ndefu kuliko hiyo katika Uingereza na Wales.

Si jengo la kuchekesha tu. Ukilielewa vizuri, utaanza kuangalia madirisha ya mtaa wako kwa jicho lingine. Na ukifuata hadithi ya watu waliokaa karibu nalo, utakutana na swali ambalo kila kijana wa mjini analijua: ni nani anajengewa, na ni nani anabomolewa?

Mti ambao huku hauombwi

Kwetu mchungwa si mti wa kubembelezwa. Unaupanda Kilifi au Makueni, unaupa maji, basi. Mnamo Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi. Jambo hilo liliandikwa katika kumbukumbu za safari yao. Mwaka uliofuata, Januari 1499, mabaharia hao walirejea Malindi wakiwa hoi kwa kiseyeye, na kitu walichoomba kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Kwa watu wa pwani hiyo ilikuwa zawadi ya kawaida ya mgeni. Kwa mgeni, ilikuwa uhai.

Kaskazini mwa Ulaya mambo ni mengine. Asili ya machungwa ni Asia, na mti huo haujui barafu. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kukausha majani, na kipindi kirefu cha baridi kinaua mti mzima. Kwa hivyo mtu wa Wales aliyetaka kula chungwa la shambani mwake alikuwa na njia moja: kuupanda mti ndani ya sanduku kubwa la mbao, kuutoa nje wakati wa kiangazi, na kuurudisha ndani kabla baridi haijaanza. Na "ndani" hapo ndipo kazi ilipoanza. Chumba cha giza kingeua mti vilevile. Ilibidi pawe na joto na mwanga kwa pamoja.

Wafalme ndio waliotangulia. Kule Versailles, Ufaransa, msanifu Jules Hardouin-Mansart alimjengea Mfalme Louis XIV nyumba ya michungwa kati ya 1684 na 1686. Ukumbi wake wa katikati una urefu wa zaidi ya mita 150, na kuta zake ni nene kiasi kwamba baridi inachoka kabla ya kufika ndani. Mpaka leo miti zaidi ya 1,000 hulala humo kila majira ya baridi. Baada ya hapo, kila tajiri wa Ulaya alitaka ya kwake. Kumpa mgeni chungwa bichi lililotoka bustanini kwako, wakati nje kuna theluji, ilikuwa njia ya kusema una hela bila kufungua mdomo.

Michungwa ya Margam ina hekaya yake. Inasemekana ilikuwa zawadi ya mfanyabiashara kwa mfalme au malkia wa Uingereza, meli ikavunjika katika pwani ya jirani, na mwenye ardhi akaiokota. Ukiuliza ilikuwa zawadi ya mfalme yupi, utapewa majina manne tofauti, kwa hivyo ichukue kama hadithi ya bibi. Lililo wazi ni kwamba familia ya Mansel, waliokuwa mabwana wa Margam, tayari walikuwa na mkusanyo mkubwa wa miti hiyo miaka mingi kabla ya jumba hili kujengwa.

Mabwana wa Margam

Ardhi yenyewe ilikuwa ya watawa. Mwaka wa 1147 watawa wa shirika la Cistercian walianzisha nyumba yao hapo, wakakaa karibu miaka 400. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa, ya Margam ilifungwa 1536, na baadaye ardhi ikaangukia mikononi mwa akina Mansel. Kupitia ndoa, ikafika kwa akina Talbot. Ndiyo, Port Talbot imepata jina kutoka kwa familia hiyo hiyo.

Thomas Mansel Talbot alirithi kila kitu akiwa kijana. Kama vijana wa tabaka lake, alipelekwa Ulaya kutembea na "kuona dunia". Italia ikamkolea. Akarudi na sanamu za kale za marumaru, na ladha ya majengo ya Kirumi. Lakini jumba la ukoo pale Margam lilikuwa kuukuu na limechoka. Akaamua kujenga jingine kwa jina la Penrice, kwenye rasi ya Gower, na msanifu aliyemchora ramani aliitwa Anthony Keck.

Kisha akamrudisha Keck Margam kwa kazi ya pili. Ujenzi wa nyumba ya michungwa ulianza 1787. Na hapa ndipo kichekesho kilipo: katika miaka hiyo hiyo, lile jumba la zamani la ukoo lilibomolewa. Kwa miaka takriban 40, jengo la fahari kuliko yote pale Margam lilikuwa makao ya miti. Mwenyewe alikuwa akiishi kwingine.

Jengo lenye akili

Sasa tulitazame jengo lenyewe. Ukisimama mbele yake, unaona mstari mmoja mrefu wa madirisha yenye matao juu, yakifuatana kama mabehewa ya treni. Katika kila ncha kuna chumba cha mraba kilichosogea mbele kidogo, chenye dirisha la sehemu tatu: tao katikati, na vipande viwili vifupi pembeni. Mtindo huo wa dirisha waliuiga kutoka Italia. Kimoja cha vyumba hivyo kilikuwa maktaba, na kingine kilikuwa cha zile sanamu alizobeba kutoka Roma.

Sogea karibu na ukuta. Baadhi ya mawe yamechongwa mikunjo na vijishimo, utadhani yameliwa na mchwa. Si uzee huo. Mafundi walilipwa kuyafanya yaonekane hivyo, ili mwanga ukigonga ukuta utengeneze vivuli vidogo vidogo, na ukuta wa mita 100 usichoshe macho.

Urembo tuuache hapo. Ujanja mkubwa uko kwenye vipimo, na huo unaweza kuupiga hesabu mwenyewe.

Margam iko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 51.5 kaskazini. Desemba, saa sita mchana, jua la huko halipandi kichwani kama letu. Linainuka nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho, upande wa kusini, kisha linaanza kushuka. Jua la chini namna hiyo hupenya dirishani kwa kulala. Kila mita moja ya urefu wa dirisha inasukuma mwanga karibu mita 3.7 ndani ya chumba. Chukua dirisha ambalo ncha yake ya juu iko mita tatu kutoka sakafuni: mwanga utafika mita 11 ndani. Na jengo lina upana gani? Mita tisa. Maana yake ni kwamba siku ile fupi kuliko zote, wakati mti unahitaji jua kuliko siku nyingine yoyote, miale inavuka sakafu nzima na kuugonga ukuta wa nyuma.

Hiyo ndiyo sababu jengo ni refu na jembamba. Lingekuwa na upana wa mita 20, safu za nyuma zingekufa gizani. Hiyo pia ndiyo sababu madirisha yametazama kusini, huku upande wa kaskazini, ambako jua haliji na baridi inatokea, ni ukuta mzito wa mawe. Ukuta huo unafanya kazi kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: mchana unakunywa joto, usiku unalitoa polepole.

Paa nalo si la vioo. Ni paa zito la kawaida. Hapo ndipo nyumba ya michungwa inapotofautiana na zile nyumba za vioo vitupu unazoziona kwenye picha. Wakati wa baridi mchungwa haukui kwa kasi, unapumzika tu. Hauhitaji mwanga wa juu, unahitaji kutoganda. Paa zito linazuia joto lisitoroke. Na usiku ukiwa mbaya zaidi, nyumba za aina hii zilipashwa moto kwa kuni au makaa, kukiwa na mtu wa kukesha akichochea. Huyo mtu hakuandikwa jina lake popote kwenye ukuta, lakini moto wake ukizimika usiku mmoja wa Januari, mkusanyo wa miaka 80 umekwenda.

Vioo vilikuwa anasa

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kuliona kwa macho: kodi. Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha ya nyumba mwaka wa 1696, na iliendelea hadi 1851. Katikati ya karne ya 18 ikaongezwa kodi ya vioo vyenyewe, iliyotozwa kwa uzito, nayo ikafutwa 1845. Watu wa kawaida waliziba madirisha yao kwa matofali ili kukwepa mzigo. Ukitembea miji ya zamani ya Uingereza, bado utaona madirisha yaliyozibwa, ingawa mengine yalijengwa hivyo kwa ajili ya mpangilio tu.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Kijijini, familia inaishi nusu gizani ili isilipe kodi. Kwenye milki ya bwana, michungwa ina madirisha 27. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kodi ya vioo ilipofutwa, na viwanda vikaanza kutengeneza chuma na vioo kwa bei nafuu, mtindo wenyewe ukapitwa. Watu walijenga nyumba za vioo kuanzia chini hadi juu. Nyumba za michungwa za mawe zikabaki kama simu za zamani za kubonyeza: imara, za heshima, lakini hakuna aliyekuwa akinunua mpya.

Kijiji kilichohamishwa mara mbili

Hadi hapa unaweza kusema hii ni hadithi tamu ya matajiri na matunda yao. Subiri.

Mtoto wa Thomas, Christopher Rice Mansel Talbot, aliamua kurudi kuishi Margam. Kuanzia 1830 alijenga kasri jipya mlimani, nyuma ya nyumba ya michungwa. Tatizo lilikuwa kijiji. Nyumba za watu wa Margam zilikuwa karibu mno na bustani yake. Kijiji kikaondolewa, na wakazi wakajengewa makao mapya mahali paitwapo Groes, umbali mfupi kutoka hapo. Walipewa nyumba nzuri, lakini hawakuulizwa kama wanataka kuhama.

Vizazi vikapita. Watoto wakazaliwa Groes, wakaoana Groes, wakazikana. Walikuwa na kanisa lao dogo la pembe nane, ambalo wenyeji waliliita kanisa la mviringo. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, serikali ikachora barabara kuu ya M4. Mstari ukapita juu ya Groes. Kijiji kizima kikabomolewa. Lile kanisa tu ndilo lililobomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika bustani moja ya umma karibu na hapo. Nyumba za watu hazikupata bahati hiyo.

Na unajua miaka hiyo hiyo kitu gani kilikuwa kikiendelea upande wa pili wa barabara? Nyumba ya michungwa ilikuwa ikikarabatiwa kwa pesa za umma.

Si kwamba ukarabati ulikuwa kosa. Jengo lilikuwa limeteseka. Mnamo 1941 milki iliuzwa na mali ya kasri ikapigwa mnada. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi walichukua nyumba ya michungwa, miti ikaachwa nje, na baridi ikaimaliza. Miti iliyotunzwa kwa zaidi ya karne mbili ikafa kwa sababu watu walihitaji pa kulala. Baada ya vita jengo likaachwa kuoza. Mwaka wa 1973 baraza la kaunti ya Glamorgan lilinunua milki hiyo ili iwe bustani ya wananchi, na kufikia 1977 nyumba ya michungwa ilikuwa imefunguliwa upya. Mwaka huo huo moto uliliunguza lile kasri la mlimani na kuliacha kuta tupu, nalo likaanza kukarabatiwa kwa awamu. Leo nyumba ya michungwa iko katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria, na vijana wa Port Talbot hufanyia humo harusi zao. Michungwa pia imerudishwa.

Lakini ukiyatazama yote mawili, yaani jengo lililookolewa na kijiji kilichosawazishwa, unaona jinsi turathi inavyochaguliwa. Kitu kikubwa, cha mawe, chenye jina la bwana, kinaitwa historia. Kitu kidogo, chenye jikoni na kamba za nguo, kinaitwa kizuizi cha barabara. Wakazi wa Kibera waliobomolewa Julai 2018 kupisha barabara hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa wewe ufanye nini na haya?

Jambo la kwanza ni dirisha. Keck hakunakili tu Italia. Alichukua umbo la Italia, kisha akalipima kwa jua la Wales. Sisi mara nyingi tunaruka hatua hiyo ya pili. Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Hata mwezi Juni, jua letu la saa sita haliteremki chini ya nyuzi 65. Kwa hivyo jengo lililovishwa vioo kutoka chini hadi juu, kama lile la nchi za baridi, huku linageuka kuwa sufuria, hasa pande za mashariki na magharibi ambako jua la asubuhi na la jioni linaingia kwa kulala. Kisha mwenye jengo anawasha mashine za kupoza hewa, na bili inaongezwa kwenye kodi yako. Wazee wa Lamu walilijua hilo zamani: kuta nene za matumbawe, madirisha madogo upande wa barabara, ua wazi ndani, na vichochoro vyembamba ambavyo karibu kila mara vina kivuli. Lamu inakinga jua na Margam inalivuta, lakini akili ni ile ile.

Kwa hivyo siku nyingine ukienda kuona nyumba, usiulize tu maji na tokeni. Fungua kompasi kwenye simu. Dirisha la chumba cha kulala linatazama magharibi? Jua kwamba jioni utaingia kwenye oveni. Linatazama ukuta wa jirani ulio mita moja mbele? Basi hilo ni pambo tu. Jaribu kwenda mchana, taa zikiwa zimezimwa, uone kama unaweza kusoma gazeti bila kukaza macho.

Jambo la pili ni kuangalia kinachobomolewa. Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, ambayo inaruhusu majengo na maeneo ya thamani kuwekwa chini ya ulinzi. Sheria hiyo haikusema turathi ni majumba ya wakoloni na misikiti ya kale pekee. Soko la mtaa wenu, ukumbi wa jamii ambako dansi zilichezwa, nyumba za reli walimokulia babu zako, vyote vina hadithi. Lakini jengo likishasawazishwa usiku na tingatinga, hakuna wa kulitetea kesho yake. Piga picha sasa. Waulize wazee majina ya waliojenga, si ya wamiliki tu. Andika tarehe.

Na ukifika Wales siku moja, kwa masomo au kwa kazi ya uuguzi kama wengi wanavyokwenda, panda basi kutoka Port Talbot hadi bustani ya Margam. Mji wenyewe umepigwa na mawimbi yake: tanuri kubwa la mwisho la chuma lilizimwa Septemba 2024, na maelfu ya kazi zikaenda nalo. Ingia kwenye ule ukumbi mrefu asubuhi ya Desemba kama jua limetoka. Simama na mgongo kwenye ukuta wa nyuma, na utahisi joto usoni. Ukitoka nje, sikiliza upande wa chini. Huo mngurumo unaousikia ni wa magari ya M4, yakipita juu ya mahali ambapo Groes ilikuwa.